Fundi Anayeurudisha Ugonjwa

Kompyuta yenye ramu mbovu ni mwongo hodari. Leo inaganda katikati ya barua, kesho inajizima ikifungua picha, keshokutwa inaleta skrini ya bluu yenye maneno yanayoisingizia programu isiyo na kosa. Mwenye mashine analaumu virusi, jirani yake analaumu umeme. Fundi wa haraka anapiga Windows upya, anapokea pesa yake, na wiki haijaisha mashine imerudi mezani. Fundi ninayemsifu hapa huanza kwa kuuliza: nini kilibadilika?

"Sikugusa kitu, fundi." Hilo ndilo jibu la kawaida. Inabidi kubembeleza kidogo ndipo yatoke: mashine ilikuwa nzito, basi ikaongezwa ramu, kipande cha mtumba kutoka Kariakoo. Watu hawafichi kwa makusudi. Nani angekishuku kitu alichokinunua ili mambo yaende vizuri?

Ramu ya leo inasimama juu ya wazo la Robert Dennard wa IBM, lililopata hataza mwaka 1968: biti moja ni chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na transista moja inalinda mlango wake. Chaji hiyo huvuja. Kwa hiyo kila seli lazima isomwe na kuandikwa tena, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, kama hafidhi anavyodurusu msahafu usimponyoke. Kipande cha GB 16 kina biti zaidi ya bilioni 137 za kudurusiwa hivyo. Inatosha seli moja ivuje upesi kuliko wenzake, na joto huzidisha kuvuja. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi vizuri asubuhi yaweza kuanguka saa tisa alasiri Dar es Salaam, feni ikiwa imejaa vumbi.

Tena kuanguka ni nafuu. Biti moja ikipinduka mahali pabaya, namba 10,000 inasomeka 1,808, na hakuna skrini ya bluu itakayomshtua mwenye duka anayehifadhi hesabu zake.

Makosa mengine ni ya kuoanisha tu. Kipande cha DDR3 hakiingii kwenye sloti ya DDR4, kwa sababu pengo lake limekatwa mahali tofauti. Lakini DDR3 ya volti 1.5 na ile ya volti 1.35 zina pengo moja. Kipande kinaingia na kubana vizuri, halafu laptopu inayotaka volti 1.35 inakataa kuwaka, au inawaka na kuyumbayumba. Kuna pia meno ya dhahabu yaliyoshika uchafu, na hewa ya chumvi ya pwani haisaidii. Mafundi huyasugua kwa raba ya mwanafunzi, na mara nyingi mashine hupona papo hapo.

Hapo ndipo ninapowatenga mafundi. Wengi huishia kwenye kupona. Huyu wangu hushuku: je, ilikuwa uchafu, au kipande hakikukaa sawasawa, au ni bahati tu? Anawasha Memtest86, programu iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994, kutoka kwenye fleshi kabla Windows haijaamka, maana Windows ikishaamka inakalia sehemu ya ramu ile ile inayotakiwa kupimwa. Programu inaandika mpangilio wa biti, inausoma, inaugeuza, inausoma tena. Anaiacha usiku kucha. Ikitoa mstari mwekundu, kuna kosa. Isipotoa, bado hajasema ramu ni nzima.

Kisha anabaki na kipande kimoja katika sloti moja. Anakibadilisha kwa cha pili, sloti ile ile. Halafu anahamia sloti nyingine, kwa kuwa sloti nayo yaweza kuwa ndiyo mhalifu, au mazabodi yenyewe. Vikipita kimoja kimoja na kushindwa pamoja, anajua vimekosa kupatana, na anajaribu kushusha kasi yao. Habadilishi mambo mawili kwa mpigo. Mwisho, mashine ikiwa imetulia kabisa, anakirudisha kile kipande anachokishuku na kungoja iharibike tena. Ikiharibika, amethibitisha. Mteja akimwona anafanya hivyo humdhania amerukwa na akili.

Malipo yake hugombewa, nami nashangaa sana. "Fundi, mbona hujaweka spea hata moja?" Kweli, ametoa tu. Kipande kibovu anakiandika "MBOVU" kwa wino mzito na kumkabidhi mwenyewe. Wapo wanaokitupa kwenye boksi la kuuzia, kikamsubiri mnunuzi mwingine. Watu hao nisingewapa hata kikokotoo changu wakifungue.