Kilwa ya Ibn Battuta, Kilwa ya Swema

Katika semina zetu limezoeleka dai kwamba msafiri mwanamume husimulia mji, ilhali msafiri mwanamke husimulia nyumba. Dai tamu, lakini kwa Kilwa halisimami.

Tuanze na bwana mkubwa. Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, akausifia uzuri na majengo yake. Kisha anatupa kisa cha ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Fakiri kutoka Yemen aliomba nguo alizovaa sultani, akapewa. Mtoto wa sultani akazikomboa kwa watumwa 10. Sultani naye akaongeza 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wengi wetu hukisoma kisa hiki huku tukitabasamu. Mimi nauliza: hao watumwa 20, mbona hawatamki hata neno? Wamehesabiwa tu, sawa na pembe.

Anayewajibia ni Swema, zaidi ya karne tano baadaye. Huyu ni binti wa Kiyao aliyetwaliwa kwa deni la nafaka la mama yake, miaka ya 1860, wakati misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikishukia Kilwa Kivinje, huku bara. Mama aliomba afuatane na mwanawe. Nguvu zilipomwishia, akaachwa njiani. Uzito wote wa masimulizi umo humo njiani. Kilwa yenyewe inapita haraka, maana kwake ni mahali pa kupakiwa jahazini kwenda Unguja, basi. Nyumba gani hapo? Nyumba ilibaki nyuma pamoja na mama.

Najua wapo watakaosema: eti hayo si maneno ya Swema, ni ya Padri Horner aliyeyaandika, yakachapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870. Ni kweli, na ule msamaha wa mwishoni unanukia mahubiri waziwazi. Lakini jamani, Ibn Battuta naye alisimulia tu. Mwandishi wake ni Ibn Juzayy, na kazi ilikamilika Fez mwaka 1355. Mbona kwake hatuhoji kalamu ni ya nani? Yeye tunamwita msafiri, Swema tunamwita mhanga, ingawa yeye ndiye aliyekuja Kilwa kwa miguu.

Naomba walimu wetu muhula ujao wawapange wawili hawa katika semina moja, na kisa cha fakiri kisomwe kwanza.