Kisasi Kisichoshangiliwa

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua filamu ya kisasi. Familia inachinjwa, steringi anafanya mazoezi, kisha banda zima linashangilia maadui wakianguka mmoja mmoja. The Nightingale, aliyoiandika na kuiongoza Jennifer Kent wa Australia mwaka 2018, inaanza vivyo hivyo. Ni mwaka 1825, kisiwani Tasmania chini ya Waingereza. Clare, mfungwa kutoka Ayalandi, anabakwa na Luteni Hawkins. Mumewe na kichanga chake wanauawa. Anachukua farasi na bunduki, anamkodi Billy, kijana mwenyeji, amwongoze porini.

Kent amechagua fremu inayokaribia mraba, ya sinema za zamani. Skrini pana ingeugeuza msitu ule mzuri kuwa tangazo la utalii. Humu jicho halina pa kukimbilia. Clare anapobakwa, kamera inaachana na mwili, inang'ang'ania uso wake. Wapo watazamaji waliotoka ukumbini, na siwalaumu. Muziki wa kutuandaa karibu haupo. Tunasikia ndege, matope na pumzi.

Kisha Clare anamnasa askari aliyemuua mwanawe. Anamchoma kisu tena na tena, anamponda uso kwa kitako cha bunduki, na Kent hakati picha mapema. Hapo hakuna banda litakaloshangilia. Tangu hapo mkono wa Clare unalegea. Hata Hawkins anapoingia kwenye shabaha, risasi haitoki.

Wala Clare hapakwi mafuta. Aliyedhalilishwa na Waingereza naye anamtukana Billy na kumwelekezea mtutu, kwa kuwa ni mweusi. Wanakaribiana polepole mno, naye Kent hana haraka, ingawa ndoto za usiku zinazomsumbua Clare zingepunguzwa kidogo. Billy anazungumza palawa kani, lugha ambayo wenyeji wa Tasmania wameifufua kutokana na mabaki ya lugha zilizonyamazishwa na ukoloni. Mzee wao, Jim Everett, alikuwa mshauri wa filamu.

Mlowezi mmoja mzee anamkaribisha Billy mezani. Billy anaketi, anaanza kula, kisha analia: anakaribishwa kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Baykali Ganambarr, mcheza ngoma kutoka Arnhem Land ambaye hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo, alipewa tuzo ya Marcello Mastroianni kwenye tamasha la Venice. Mimi ningempa kwa meza ile tu.