Safu Zilizopinda: Urithi wa Rejaf katika Majedwali ya Wiki

Mkutano wa Lugha wa Rejaf, mwaka 1928, uliweka msingi wa maandishi ya Kilatini kwa Kidinka, Kibari, Kizande na lugha nyingine za kusini mwa Sudan. Maandishi hayo yalimtosha mwalimu mwenye kalamu. Je, yanamtosha mhariri wa Wikipedia ya Kidinka?

Sintaksia ya msingi ya jedwali la wiki haina amri ya kupanga safu nzima: agizo la kusogeza maandishi kulia huandikwa seli kwa seli. Ndiyo maana baadhi ya wahariri hutumia vitufe vya mkato katika programu nyingine ili kunyoosha safu za matini chanzi. Kasoro hujitokeza hapo. Herufi ɛ̈ ya Kidinka haina msimbo mmoja katika Unicode. Huundwa kwa misimbo miwili, irabu na nukta zake. Programu inayohesabu misimbo badala ya herufi zinazoonekana huweka nafasi pungufu, na safu hupinda.

Kuziacha nukta ili jedwali linyooke ni kupoteza maana, kwani huonyesha irabu za pumzi zinazotofautisha maneno. Kosa ni la zana, si la alfabeti.

Kiswahili hakina alama hizo. Hivyo, jaribio la Kiswahili pekee haliwezi kuthibitisha ubora wa zana ya kikanda. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Sera ya kidijitali ya Jumuiya haina budi kudai majaribio kwa alfabeti zake pia.