Sifuri za Aina Mbili

Ng'ombe wa mchezo wa RuneScape ana uhai wa 8. Mpige kwa upanga na namba itatokea juu yake kwenye alama nyekundu: 3, 5, 1. Pigo lisipomdhuru hutokea 0 kwenye alama ya buluu. Wachezaji wengi hawana haja na namba hizo. Wanasubiri ng'ombe aanguke, waokote ngozi, waende kwa mwingine. Wapo wachache ambao huziacha ngozi chini na kuziandika namba, moja baada ya nyingine, na hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Mchezo huu ulitoka Uingereza mwezi Januari 2001, kwa kazi ya Andrew Gower na ndugu zake. Mwaka 2013 ilifunguliwa upya nakala yake ya mwaka 2007, ikaitwa Old School RuneScape, na Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu. Hapo ndipo ilipofikika kwa barobaro wa hapa pwani ya Kenya, Mnarani au Malindi, mwenye simu ya kawaida na bando la wiki. Njia ya intaneti ilikuwa imeshapita chini ya bahari: nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009.

Hesabu ya vita haifanyiki kwenye simu. Simu hupeleka ombi la kupiga, seva ya mbali hukokotoa kwa fomula yake, kisha hurudisha jibu tu. Huwezi kuifungua simu ukaikuta fomula ndani. Unachopewa ni jibu, na majibu yamechanganyika na bahati, kwa sababu kila pigo ni kama kurusha dadu. Kazi ya fundi, yule mwandika namba, ni kuanza na majibu elfu moja na kurudi nyuma hadi kwenye kanuni iliyoyazaa.

Mtego wa kwanza uko kwa ng'ombe mwenyewe. Ana uhai wa 8. Umempiga 6, amebaki na 2. Pigo lako linalofuata huenda seva imelipa 5, lakini kwenye kioo utaona 2, kwa kuwa mnyama hawezi kupoteza uhai asiokuwa nao. Ukiiandika hiyo 2 umeandika uongo, na daftari lako litajaa namba ndogo zisizo na asili. Fundi hujiwekea sharti: pigo litahesabiwa tu ikiwa mnyama bado ana uhai wa kutosha kulibeba pigo kubwa kuliko yote. Na sharti hilo huamuliwa kabla ya kupiga, kamwe si baada ya kuona namba. Anayesubiri aone ndipo aamue kuandika ameshaanza kuchagua. Ndiyo maana wajuzi huhama kwa ng'ombe wakaenda kwa kaa wa mchangani, wenye uhai wa 60 na ulinzi hafifu. Hapo unapiga mara nyingi kabla ya kufika kwenye mapigo ya kutupa.

Mtego wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Kwa miaka mingi, pigo lililogonga liliweza kutoa namba yoyote kuanzia 0 hadi kilele chako, yaani pigo lako kubwa kuliko yote, kila moja kwa nafasi sawa. Kwa hiyo 0 ilikuwa na mama wawili: pigo lililokosa, na pigo lililogonga likaangukia 0. Kwenye kioo zilifanana kabisa. Utajuaje basi upanga wako unagonga mara ngapi?

Jibu limo kwenye namba nyingine. Tuseme kilele chako ni 6 na umepiga mara 700. Ukihesabu unakuta 1 imetokea kama mara 50, na 2 vivyo hivyo, hadi 6. Kama kila namba ina nafasi sawa, basi na 0 ya kugonga imetokea kama mara 50, ingawa huioni. Mapigo yaliyogonga ni 50 mara 7, yaani 350. Sifuri zote daftarini ni 400. Toa 50, zilizobaki 350 ndizo za kukosa. Upanga wako unagonga nusu ya mara. Hakuna aliyekuonyesha sifuri ipi ni ipi, na bado umezitenganisha. Mimi nikiisoma hesabu ya namna hii kwa mara ya kumi bado hunifurahisha, kwa sababu imeshika jambo lisiloonekana bila kubahatisha hata kidogo.

Hapa Kilifi hesabu hii ina wenyewe, na wao waliifanya kwa jambo zito kuliko mchezo wowote. Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, kilishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na Korogwe, Tanzania, kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17. Mtoto aliyechanjwa asipougua, sababu ni ipi? Huenda chanjo imemkinga. Huenda pia hakuumwa na mbu mwenye vimelea msimu ule. Ukimtazama mtoto mmoja, afya hizo mbili zinafanana. Ndiyo maana kundi la pili lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa: watoto wa vijiji vilevile na mbu walewale, kitu kimoja tu kikiwa tofauti. Matokeo yalichapishwa Desemba 2008, na kinga dhidi ya kuugua malaria ikakadiriwa kuwa asilimia 53. Namba hiyo haikuonekana kwa mtoto yeyote. Ilionekana kwa kuyalinganisha makundi mawili kwa subira.

Hiyo ya kubadilisha kitu kimoja tu ndiyo nidhamu ya mafundi wa mchezo pia. Ukitaka kujua upanga unaongeza nini, usivae kofia mpya siku hiyohiyo. Chukua mpiganaji mwenye Nguvu ya kiwango cha 50, asiyetumia dawa wala sala, anayepiga kwa mtindo wa kushambulia. Akiwa mikono mitupu kilele chake ni 6. Mpe silaha yenye nyongeza ya 4: bado 6. Mpe ya 5: ghafla 7. Kisha kimya kirefu, 7 ileile hadi nyongeza ya 14, na kwenye 15 inakuwa 8. Ngazi hizo ndizo zilizoisaliti fomula. Zinaonyesha kwamba seva hukokotoa kwa desimali kisha huzitupa. Ukijua kila ngazi inapoanzia, unaweza kutafuta ni hesabu gani inayopita kwenye kingo zote kwa pamoja.

Fomula iliyopatikana haifanani na kitu ambacho mtu angekiwaza kitandani. Kiwango cha Nguvu huongezwa 3 kwa mtindo huo, kisha 8. Jumla huzidishwa kwa nyongeza ya silaha iliyoongezwa 64, hugawanywa kwa 640, huongezwa nusu, na desimali hutupwa. Jaribu mwenyewe: 61 mara 69, gawanya kwa 640, ongeza nusu, unapata 7 na kidogo. Kwa 68 unapata 6.98, na ile 0.98 yote inapotea. Mchezaji aliyenunua silaha ya 14 badala ya 12 amelipia hewa, na ni daftari tu linaloweza kumwambia.

Subira ya fundi ina kipimo. Upanga wa kawaida hupiga kila sekunde 2.4, mapigo 1,500 kwa saa. Kama unagonga nusu ya mara na kilele ni 7, utaitarajia 7 mara moja katika kila mapigo 16. Ukipiga 100 bila kuiona, nafasi ya hilo kutokea kwa bahati mbaya tu ni chini ya mara 2 katika 1,000. Fundi wa kweli huendelea kupiga hata hivyo, kisha huweka hadharani hesabu zake zote ili mwingine, Brazil au Malindi, azirudie. Baadhi ya fomula zilithibitishwa baadaye na Mod Ash, mtengenezaji mkongwe wa mchezo ambaye amewajibu wachezaji maswali ya namna hiyo kwa miaka.

Baadaye kampuni yenye mchezo ilibadili kanuni: pigo lililogonga likiangukia 0, sasa hutoa 1. Mwenye daftari angeligundua hilo hata bila tangazo. Angeona sifuri zake zimepungua, na 1 inatokea mara mbili ya kila namba iliyo juu yake. Sasa kila 0 ni ya kukosa, basi, na sehemu moja ya hesabu yake ya zamani haihitajiki tena. Sehemu nyingine inabidi aianze upya, kwa kuwa wastani wa kila upanga umepanda, na zile silaha dhaifu, zenye kilele kidogo, ndizo zilizofaidika zaidi.