Uhakiki wa Istilahi za Giaboksi Otomatiki

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika kueleza giaboksi otomatiki na hitilafu zake, hasa katika magari ya mtumba ambayo familia nyingi nchini huyanunua kwa matumizi ya nyumbani. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mambo ya gereji. Jibu letu ni kwamba katika jambo hili neno lisilo sahihi huweza kuharibu chombo ambacho mwenyewe amekidundulizia fedha kwa miaka mingi. Mfasiri, mwalimu na karani kila mmoja ana sehemu yake katika uharibifu huo, au katika kuuzuia.

Mifano yetu tumeielekeza Masumbwe, mji ulioko katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, ambao hadi 2012 ulikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, uko kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na hatimaye Rusumo, na magari ya kila aina hutengenezwa hapo. Pili, wakazi wake wanaishi na mashine kila siku: mashine za kusaga nafaka, na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Lugha ya mitambo, kwa hiyo, ni lugha hai vinywani mwao.

Magari tunayoyazungumzia ni kama Toyota IST, Spacio, Ractis na Probox, pamoja na Honda Fit. Baadhi yake hubeba abiria na huitwa michomoko. Mengine ni ya kupeleka watoto shule na mama mjamzito hospitali. Mengi yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, kwa kuwa Wajapani nao hupita kushoto kwa barabara kama sisi na usukani wao uko kulia. Mengi ni otomatiki. Kitabu cha maelekezo, kama bado kimo ndani ya gari, kimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi hana maandishi ya kumwongoza. Kilichobaki ni neno la Kiswahili linalosemwa kati yake, muuzaji, fundi na mwenye duka la vipuri. Neno hilo likiwa na utata, gari ndilo litakalolipa.

Neno "usafirishaji" na ndugu zake

Katika matangazo ya magari na katika nyaraka zilizofasiriwa kwa haraka, mara kwa mara tunakuta maneno "usafirishaji: otomatiki". Penye tafsiri iliyofanywa na mashine hali huwa mbaya zaidi, kwani tumewahi kukuta "maambukizi ya kiotomatiki", kana kwamba gari limeshikwa na surua. Wapo pia walioandika "usambazaji" na "upitishaji".

Chanzo cha makosa haya ni kimoja. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya msingi ni kutuma kitu kivuke upande wa pili. Waingereza hulitumia hilo hilo kwa ugonjwa, kwa matangazo ya redio, kwa umeme na kwa nguvu ya injini. Kiswahili hakikuchanganya mambo hayo. Kwetu ugonjwa huambukizwa, matangazo hurushwa, umeme husafirishwa, na nguvu ya injini hupelekwa magurudumuni. Neno "usafirishaji" limekaa vizuri kabisa kwenye nguzo za umeme wa msongo mkubwa. Likiletwa chini ya gari, mnunuzi aliyeko Masumbwe atadhani anaambiwa namna gari litakavyofikishwa kwake kutoka bandarini, na hatakuwa amekosea kusoma.

Mfasiri hapa alitazama kamusi bila kutazama chombo. Angalitazama chombo angaliona sanduku lenye gia, na angalikuta wananchi wamekwisha kuliita giaboksi. Neno hili limekaa pamoja na injini, breki na klachi, wala hakuna anayelionea ugeni.

Ama kuhusu sifa ya giaboksi hiyo, wengine wameandika "ya moja kwa moja". Msemo huu nao haufai. Fundi anaweza kuuelewa kuwa ni gia inayozungusha mhimili kwa kasi ile ile ya injini, na msomaji wa kawaida anaweza kudhani ni gari lisilobadili gia kabisa. "Ya kujiendesha" ilipendekezwa na baadhi ya wenzetu, lakini siku hizi msemo huo unahitajika kwa magari yasiyo na dereva. Yafaa tubaki na "otomatiki", neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua.

"Upande wowote"

Mfano wa pili ni mdogo kwa herufi na mkubwa kwa hatari. Wenye gari otomatiki wanajua kwamba kijiti cha gia huwa na mahali ambapo injini huzunguka bila kuzungusha magurudumu. Mahali hapo huandikwa herufi N. Katika maelekezo fulani yaliyofasiriwa tulisoma: "Weka gia upande wowote kabla ya kuwasha injini."

Asili ya kosa hili inafahamika. Katika siasa ya nchi yetu tangu miaka ya 1960 tumezoea kusema "kutofungamana na upande wowote". Maneno mawili ya mwisho yalikatwa kutoka kwenye msemo huo, yakaachwa bila kikanushi chake, kisha yakapachikwa kwenye gari. Matokeo yake ni amri inayosema kinyume cha ilichokusudia: mtu aweke gia popote apendapo. Mitaani husemwa "weka fri", na kila dereva huelewa. Penye maandishi rasmi tunaweza kuandika "gia huru". Yote mawili ni salama, na hilo la tatu halina budi kuondolewa katika kila kitabu linamoonekana.

Vitenzi vya gereji

Tukiacha nomino za wafasiri na kusikiliza vitenzi vya mafundi, tunakuta mpangilio ambao hatukuutarajia. Fundi husema gari "halishiki gia", au "linachelewa kushika", au "linateleza", au "linashtuka", au haidroliki "imeungua". Kila kitenzi kina mahali pake, na fundi mzuri havichanganyi.

Ndani ya giaboksi otomatiki ya kawaida mna pleti zinazobanwa pamoja kwa shinikizo la oili. Pleti zikibanwa sawasawa, gia imeshika. Oili ikipungua, au chujio likiziba, shinikizo huchelewa. Dereva huweka D, huhesabu moja, mbili, ndipo gari huondoka. Huko ni kuchelewa kushika. Pleti zikilika, injini hulia kwa nguvu na gari haliongezi mwendo: linateleza. Shinikizo likija kwa kishindo badala ya kuja taratibu, gari hushtuka kila libadilipo gia. Kuteleza huzaa joto, joto huunguza oili, na oili iliyokuwa nyekundu hugeuka hudhurungi au nyeusi na kutoa harufu ya kuungua. Mabaki ya pleti nayo huziba njia za oili, na ugonjwa hujiongezea wenyewe.

Hebu sasa tulinganishe na sentensi tuliyoikuta katika maelezo fulani ya mafunzo: "kushindwa kwa mfumo wa usafirishaji kujihusisha". Fundi aliyeko kando ya barabara ya Kahama amesema jambo hilo hilo kwa maneno mawili, tena bila kumwacha msikilizaji gizani. Kanuni tunayoifuata katika kuunda istilahi hutuagiza tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Kanuni hiyo ni njema. Lakini hapana budi tukumbuke kwamba Kiswahili cha gereji nacho ni Kiswahili, na hazina yake ni mali yetu.

Oili moja, kazi nyingi

Hata hivyo hatukusudii kuwasifu mafundi kwa kila jambo. Upungufu wao uko katika nomino moja, nayo ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote.

Vitabu vya shule huiita oili ya giaboksi "kilainishi". Kwa giaboksi ya kawaida, ile ya kubadili gia kwa mkono na klachi, jina hilo latosha, kwani kazi kubwa ya oili hiyo ni kulainisha meno ya gia. Katika giaboksi otomatiki oili hufanya zaidi ya hapo. Hupokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, mfano wa feni mbili zinazotazamana, moja ikisukuma oili na nyingine ikizungushwa nayo. Hubana pleti. Hupoza. Pampu inayoisukuma huzungushwa na injini, na hii ndiyo sababu gari otomatiki halisukumwi ili liwake: injini ikizimika hakuna shinikizo, wala pleti hazishiki. Ndiyo sababu pia si salama kulivuta kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa chini, kwani giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Anayesoma "kilainishi" hawezi kuyajua haya.

Fundi husema "haidroliki", na neno lake liko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa linataja shinikizo. Udhaifu wake ni kwamba haidroliki hiyo hiyo ni ya giaboksi, ni ya usukani, na tena ni ya jeki. Zamani utata huu haukudhuru sana, maana magari mengi yalitumia oili ya giaboksi otomatiki hata kwenye usukani. Siku hizi umekuwa hatari, kwa sababu ya aina mpya ya giaboksi iliyoingia bila jina.

Giaboksi ya mkanda

Giaboksi otomatiki yenye gia iliingia sokoni Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Aina tunayoitaja hapa ina historia nyingine. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari dogo ambalo halikuwa na gia za kupanda na kushuka. Lilikuwa na mikanda ya mpira iliyozunguka juu ya puli zinazopanuka na kubana. Baadaye mkanda ukawa wa chuma. Honda Fit ilitoka nayo 2001, na Toyota Ractis 2005, ilhali Toyota IST ya 2002 ilikuwa na gia nne za kawaida. Magari haya yote yanaonekana katika barabara zetu, na kwa macho ya mnunuzi yote ni "otomatiki".

Mkanda wa chuma juu ya puli ya chuma unahitaji oili iliyotengenezwa ili usiteleze. Oili ya giaboksi yenye pleti imetengenezwa kwa kazi nyingine. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Masumbwe mwenye Ractis. Anamwambia fundi abadilishe haidroliki. Fundi anakwenda dukani na kuomba haidroliki ya giaboksi otomatiki; mwenye duka anampa aliyo nayo, nyekundu na mpya. Hakuna aliyesema uongo wala aliyefanya uzembe. Muda si muda mkanda unaanza kuteleza, puli zinachimbika, na giaboksi nzima inahitaji kubadilishwa. Shauri likifika mbele ya hakimu, kila upande utasema "niliagizwa haidroliki, nikaweka haidroliki", na kila upande utakuwa umesema kweli. Tangu sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, upungufu wa neno letu ni upungufu wa ushahidi pia.

Jina la aina hii halipo mbali. Kila aliyesimama kwenye karasha au kwenye mashine ya kusaga anazijua puli na mkanda. Anajua kwamba mkanda ukilowa kitu kisichofaa huteleza, na kwamba mashine hulia huku jiwe likibaki vile vile. Hatuna haja ya kuunda neno refu la kueleza ubadilishaji usio na ngazi. Tuseme "giaboksi ya mkanda", na mchimbaji atauliza mwenyewe: je, mkanda huo unatiwa oili gani?

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaotayarisha fomu na mikataba ya mauziano. Giaboksi zitajwe kwa majina matatu: giaboksi ya mkono, giaboksi otomatiki ya pleti, na giaboksi ya mkanda. Oili nazo zifuate: oili ya gia kwa ya kwanza, haidroliki ya pleti kwa ya pili, haidroliki ya mkanda kwa ya tatu, na ile ya usukani iitwe haidroliki ya usukani. Herufi za aina ya oili zilizoandikwa na mtengenezaji, kama vile T-IV au WS, zinakiliwe kama zilivyo bila kufasiriwa. Vitenzi kushika, kuchelewa kushika, kuteleza, kushtuka na kuungua viingizwe katika vitabu vya mafunzo kwa maana zile zile walizonazo mafundi. Maneno "usafirishaji", "maambukizi" na "upande wowote" yaondolewe katika taaluma hii.

Sehemu nyingine za giaboksi, kama vile valvu zinazoendeshwa kwa umeme, tumeziacha kwa toleo lingine. Tumeanza na haya kwa kuwa ndiyo yanayoharibu magari hivi sasa. Wasomaji walio karibu na gereji, hasa walimu wa ufundi wa Kahama, Geita na Mbogwe, tunawaomba wayapeleke majina haya kwa mafundi na kutuletea majibu yao. Neno ambalo fundi atalikataa tutalitazama upya, maana yeye ndiye atakayelitumia akiwa chini ya gari.