Kutoka Kituo cha Polisi hadi Bungeni: Ziara Inayomfaa Kila Msichana Nairobi

Jamani, kumbe historia ya wanawake katika siasa za Kenya unaweza kuizunguka kwa miguu, katikati ya jiji la Nairobi, ukaimaliza kabla jua halijatua! Nimeandamana na wasichana wa sekondari katika ziara hii, na mpaka sasa furaha haijanitoka. Sijaona ziara ya shule iliyo bora kuliko hii.

Uzuri wake uko katika njia yenyewe. Kiongozi wetu wa ziara hakuanzia Bungeni. Alituanzisha barabarani, maana huko ndiko wanawake hawa walikofanyia siasa zamani kabla ya kupewa kiti chochote.

Tulisimama kwanza Barabara ya Harry Thuku, karibu na Kituo cha Polisi cha Central. Machi 1922 umati ulikusanyika hapa kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni na aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wajumbe waliokwenda kuonana na serikali waliporudi wakawaambia watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Kwa Wagikuyu, hilo ni tusi zito kuliko yote mama anayoweza kutoa. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Serikali ya kikoloni ilitaja watu 21 waliouawa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wasichana walimzingira kiongozi wetu wakitaka arudie kisa chote tangu mwanzo, naye akakirudia!

Halafu Freedom Corner, pembeni mwa Uhuru Park. Hapa ndipo moyo wa ziara ulipo, na kama mna muda mchache, upunguzeni kwingine kote, hapa msiguse. Hifadhi yenyewe ingekuwa imeliwa na jengo la ghorofa 60 kama mwanamazingira Wangari Maathai asingelipinga mwaka 1989. Kisha, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona hii na kususia chakula. Monica Wamwere, mamake mfungwa Koigi wa Wamwere, alikuwa mmoja wao. Maathai alikaa nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya polisi waliolingana kwa umri na wana wao.

“Mwalimu, walilala hapa hapa nje?” msichana mmoja aliuliza, akiyatazama magari ya Uhuru Highway yanayopita hatua chache tu. Ndiyo, hapa hapa. Na walipofukuzwa walihamia All Saints Cathedral, kanisa la mawe lililo jirani, wakaendelea kwa karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa. Tulitembea kutoka kona hadi kanisani, na mwendo huo mfupi ulifundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Ukiingia Bungeni baada ya hayo, unaingia na macho mengine kabisa! Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu tangu 1965, alichaguliwa mbunge mwaka 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Chelagat Mutai alishinda kiti mwaka 1974 akiwa na miaka 24 tu. Wasichana walipiga kelele waliposikia umri huo. Katiba ya 2010 ikaleta viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kila kaunti, na kuagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Msichana aliyeketi kando yangu alipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja chake: wabunge 349, theluthi yake ni 116 na ushei, kwa hiyo wanawake 117. Idadi hiyo haijawahi kufikiwa. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa sababu hiyohiyo, na Bunge halikuvunjwa. Yule msichana aliizungushia 117 duara, tena kwa wino mzito.

Walimu wakuu, ombeni ruhusa ya Bunge mapema, waambieni wanafunzi wavae viatu vya kutembelea, na anzeni safari kwa Nyanjiru. Na tafadhali, safari ijayo wapelekeni wavulana pia.