Sauti Iliyoachwa Nje ya Mkanda

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini nilipoona projekta ya filamu ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sebuleni kwa jirani yetu mmoja hapa Kamembe, mzee aliyefanya biashara Bukavu kwa miaka mingi. Katika vitu alivyovuka navyo daraja la Rusizi aliporudi nyumbani kulikuwa na projekta ndogo ya Super 8 na mikanda sita. Alivinunua kwa pamoja kutoka kwa familia ya Kizungu iliyokuwa ikiuza vyombo vyake ili ihame. Jioni ile tulikuwa watu wanane, na shuka jeupe lilipigiliwa misumari ukutani.

Kabla sijahakiki, nikiri kwamba nilifurahi sana. Filamu ya kwenye simu haina mwili, lakini hii ilikuwa na mwili. Mzee aliupitisha mkanda kwa vidole, akauingiza kwenye meno ya mashine taratibu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Taa ilipowaka, vumbi lilinuka kwa joto na mashine ikaanza kutatarika. Mkanda wa kawaida wa Super 8 una urefu wa mita 15 hivi. Ukipita kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, unakwisha baada ya dakika tatu na sekunde ishirini. Basi kila baada ya muda mfupi mzee alisimama kubadilisha rili, na sisi tukazungumza juu ya tuliyoyaona. Leo naamini kwamba mazungumzo yale yalikuwa nusu ya filamu.

Mkanda ninaoukumbuka zaidi unaonyesha watoto wawili wa Kizungu wakiwa ndani ya mtumbwi kwenye Ziwa Kivu. Mama yao anacheka. Nyuma yao anatokea mwanamume Mwafrika aliyevaa aproni nyeupe na kubeba sinia. Anaitazama kamera kwa sekunde nne hivi, kisha kamera inageuka na kurudi kwa watoto. Mkanda hauna sauti. Aliyeshika kamera hakumhitaji mtu yule, alikuwa tu njiani.

Lakini sebuleni mzee alisema, "Huyu namfahamu." Akamtaja jina, akataja mlima alikotoka, akaeleza kwamba alikuwa akivuka kila Jumamosi kuja kuwaona watoto wake upande huu. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akampinga: "Hapana, Baba. Huyo unayemsema alikuwa mrefu kuliko hivi." Wakabishana mpaka mkanda ukaisha. Mzee akaurudisha nyuma, tukamtazama mtu wa sinia mara ya pili, na mara ya tatu. Familia iliyopiga picha ilimpa sekunde nne, nasi tulimpa karibu nusu saa.

Jioni hiyo nilirekodi dakika moja kwa simu. Nilipofika nyumbani niliona kelele ni nyingi, nikaifuta sauti yote na kuweka muziki wa gitaa, kisha nikaituma kwenye kundi letu la wanafunzi. Wenzangu waliipenda. Baada ya wiki moja mjukuu wa mzee alimwonyesha. Mzee aliponikuta njiani aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mimi niko wapi humu?" Nikamjibu kwamba alikuwa nyuma ya projekta, kwa hiyo asingeonekana. Akasema, "Lakini nilikuwa nasema."

Swali hilo lilinifanya nisome historia ya sinema yetu kwa jicho jingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zile zilipigwa bila sauti. Maelezo, yakiwemo ya Kiswahili, yaliwekwa kwenye sahani za santuri, na lori likabeba mikanda, sahani na jenereta kutoka kijiji hadi kijiji. Yaani tangu wakati huo picha na sauti vilisafiri katika vyombo viwili. Mtu akihifadhi mkanda peke yake, amehifadhi picha tu, na maneno waliyoyasikia wanakijiji amewaachia wengine wayatafute.

Nasi hapa Rwanda tunalijua jambo hili kuliko wengi. Filamu ya kigeni yenye msimulizi wa Kinyarwanda juu yake tunaiita agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, kueleza. Mtu huchagua filamu kwa kuangalia nani ameieleza. Nchini Tanzania watu walimfuata Lufufu kwa namna hiyohiyo. Kwa mtazamaji wa kwetu, mwelezaji ni sehemu ya filamu.

Mpinzani anaweza kusema kwamba sauti ya mzee si ushahidi. Kumbukumbu hudanganya, na pengine mama yule wa mlangoni ndiye aliyekuwa na haki. Nakubali kwamba hoja hii ina uzito. Hata hivyo kamera nayo ilichagua: ilimchagua mama anayecheka na kumwacha mtu wa sinia. Hatukatai kuuhifadhi mkanda kwa sababu una upendeleo. Kwa nini basi tuikatae sauti? Tuhifadhi maneno ya mzee na pingamizi la mama pia, ili atakayekuja baadaye aamue. Wapenzi wa mashine hizi, nami nikiwa mmojawapo, tunasifia mlio wa meno na rangi zilizofifia. Raha hiyo si kosa. Kosa ni kuridhika nayo na kumnyamazisha anayejua majina.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee kumwomba turudie, safari hii nikiwa na kinasa sauti. Tulipowasha projekta, balbu iliwaka mara moja ikafa. Nyingine hatujaipata, si Kamembe wala Bukavu. Mikanda miwili imeanza kunuka siki, dalili kwamba inaoza. Mzee alifikiri kidogo, akaufungua mkanda wa mtumbwi na kuunyoosha mbele ya dirisha, picha moja baada ya nyingine, kila moja ndogo kuliko ukucha wangu. Aliinamisha kichwa akatafuta kwa muda mrefu.

"Huyu hapa," akasema. "Washa kitu chako."

Nikakiwasha. Kisha nikatoka kwenda kumwita yule mama.